Pampu Isiyo na Oili Yake

Je, wajua kwamba Toyota Hilux ya dizeli ina oili karibu kila mahali, isipokuwa kwenye kifaa chake chenye bei mbaya kuliko vingi? Injini ina oili yake, gia boksi ina yake, difu ina yake. Pampu ya dizeli haina. Vyuma vyake vinasuguana mchana kutwa, na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe inayopita humo ikielekea kwenye nozeli. Ikiingia dizeli mbovu, pampu inasagika huku kijiti cha oili ya injini kikionyesha kila kitu kiko sawa.

Hilo ndilo la kujua kwanza kabla ya kununua kichupa chochote cha dawa ya kuchanganya na mafuta. Huku Mwamanyili, kata ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, kwenye ukanda wa Ziwa Victoria, pikapu haina kazi moja. Leo imebeba pamba kwenda chama cha msingi, kesho magunia ya dagaa, keshokutwa mgonjwa. Ikianza kukosa nguvu au kutoa moshi mweusi, ushauri wa haraka kijiweni ni uleule: tia dawa. Dawa ipi, ya ugonjwa gani, hapo watu hunyamaza.

Tuanze na ulainishaji, maana ndiyo habari kubwa ya dizeli ya miaka hii. Dizeli ya zamani ilikuwa na salfa nyingi. Salfa ikiungua huchafua hewa na kuharibu vifaa vya kusafisha moshi, kwa hiyo nchi moja baada ya nyingine zikaamua ipunguzwe. Nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zilishuka hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Marekani ilikuwa imekwisha kufika 15 tangu 2006. Wengi husema salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha pampu. Sivyo. Kiwandani salfa huondolewa kwa kuipitisha dizeli kwenye haidrojeni, kwa joto na kanieneo kubwa, na shughuli hiyo hiyo huondoa pia viasili vingine vidogo, vyenye oksijeni na naitrojeni, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikijibandika kwenye chuma na kukikinga. Sweden waliligundua hilo kwa maumivu mwanzoni mwa miaka ya 1990: walitoa dizeli safi kuliko zote, na pampu za magari zikaanza kufa. Tiba ilikuwa kurudisha kilainishi kidogo sana kiwandani kabla mafuta hayajafika kituoni.

Tangu hapo kuna kipimo chake, na ni kipimo kizuri kwa mtu anayependa kuona mambo kwa macho. Kitufe cha chuma chenye kipenyo cha milimita 6 hukandamizwa kwa uzito wa gramu 200 juu ya kisahani cha chuma kilichozama kwenye dizeli yenye joto la nyuzi 60. Kinasuguliwa mbele na nyuma, umbali wa milimita moja tu, mara 50 kwa sekunde, kwa dakika 75. Kisha kovu lililobaki kwenye kitufe hupimwa kwa hadubini. Kwa kipimo cha Ulaya, kovu likizidi maikroni 460, chini kidogo ya nusu milimita, dizeli hiyo imefeli.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: dizeli halali iliyotengenezwa kwa viwango vya sasa inatakiwa iwe imeshatiwa kilainishi. Kuongeza kichupa kingine juu yake ni kumtibu asiyeumwa. Tatizo linaanza dizeli inapoacha kuwa dizeli tu.

Hapa ndipo neno kuchakachua linapoingia. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko dizeli na hulainisha vibaya zaidi, lakini yakichanganywa humo injini inawaka vizuri tu, na dereva hajui kitu hadi pampu ianze kusagika. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza utaratibu wa kutia vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yajulikane, na katika bajeti ya 2011/12 serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iyeyuke. Hatua hizo zilibana sana mchezo wenyewe. Lakini dizeli iliyosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, ikashushwa kituoni, ikahamishiwa kwenye pipa, kisha kwenye dumu, imepita mikononi mwa watu wengi. Anayelazimika kununua ya dumu kila mara ana sababu ya kweli ya kuweka kilainishi. Anayejaza kituo kilekile chenye wateja wengi na kuchukua risiti hana sababu hiyo.

Adui wa pili ni maji, na kwa maoni yangu huyu ndiye anayeua nozeli nyingi zaidi mashambani. Tangi lililo nusu tupu hupumua: mchana hewa ya ndani inatanuka na kutoka, usiku inapoa na kuvuta ya nje yenye unyevu, na matone yanatiririka ukutani hadi chini. Pipa lililosimamishwa nje wakati wa masika hukusanya maji juu ya mfuniko na kuyanyonya taratibu kupitia kizibo. Pale maji yanapokutana na dizeli huota kuvu. Mmoja wao, anayeitwa na wanasayansi Amorphotheca resinae, anaishi ndani ya maji na kula mafuta yaliyo juu yake. Alishasumbua hata matangi ya ndege. Anachoacha ni utando mweusi unaoteleza ambao fundi huukuta umeziba chujio.

Kujua kama una tatizo hili hakuhitaji maabara. Kwenye Hilux nyingi chujio la dizeli lina pampu ndogo ya mkono juu na kizibo cha plastiki chini. Weka chupa ya kioo chini yake, legeza kizibo, bonyeza pampu ya mkono mara kadhaa hadi itoke kama robo lita, kisha funga. Iache chupa mahali palipotulia hadi asubuhi. Dizeli nzuri itabaki angavu. Yenye maji itajigawa, maji chini na mafuta juu, na kama kuna kuvu utaona mstari wa uchafu mweusi katikati yao. Dereva asubiri taa ya chujio iwake kwenye dashibodi? Ikiwaka, maji yameshajaa sana.

Dawa za maji ziko za aina mbili, na maandishi ya kwenye chupa hayasemi tofauti hiyo waziwazi. Aina moja huyatenga maji yashuke chini ili uyamwage. Nyingine huyavunjavunja kuwa matone madogo mno yanayopita pamoja na dizeli na kwenda kuunguzwa. Ya pili inavutia kwa sababu huhitaji kufungua kizibo chochote, ila tone la maji likifika kwenye ncha ya nozeli yenye moto hugeuka mvuke ghafla na linaweza kuimega. Injini kama D-4D ya Toyota, inayosukuma dizeli kwa zaidi ya mara 1,000 ya kanieneo ya hewa, haistahimili hilo. Chagua ya kwanza. Dawa za spiriti ziache kabisa, maana hupunguza ulainishaji. Na ya kuua kuvu isitiwe kabla ya tangi kusafishwa, kwani mizoga yao huziba chujio kama walivyoziba wakiwa hai.

Rafu iliyobaki inapitwa haraka. Kichupa kinachozuia dizeli isigande ni cha watu wenye theluji. Simiyu hakina kazi. Kinachopandisha setani, yaani wepesi wa dizeli kuwaka yenyewe ikikandamizwa, husaidia injini kuamka wakati wa baridi na kupunguza kelele, lakini hakitaponya nozeli iliyochoka. Kinachodai kupunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia 20 kiulize nguvu hiyo kinaitoa wapi: lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban megajuli 36, na vijiko viwili vya dawa haviongezi chochote cha kuonekana humo.

Dawa ya kusafisha nozeli ndiyo yenye hoja ya kweli, hasa kwa injini za sasa zenye matundu ya nozeli yanayokaribia sehemu moja ya kumi ya milimita. Cha ajabu ni kinachoyaziba. Wataalamu wa Ulaya wanapotaka kupima dawa hizo, huichafua nozeli makusudi kwa kutia zinki kwenye dizeli, sehemu moja tu kwa milioni, na injini inaanza kupoteza nguvu. Zinki hiyohiyo ndiyo iliyopakwa kwenye mabati na ndoo ili kuzuia kutu. Dizeli iliyolala kwenye chombo cha namna hiyo inaondoka nayo. Kwa hiyo kabla ya kununua kisafishaji, angalia kwanza unahifadhi dizeli kwenye nini. Ukishanunua, mimina dawa kwanza kisha jaza tangi juu yake ili ichanganyike, na usizidishe kipimo; baadhi ya dawa zikizidi zinaacha gundi ndani ya nozeli.

Swali la mwisho huulizwa na wakulima, na ni swali la akili: kwa nini tusilainishe pampu kwa mafuta ya pamba yetu? Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliyotengenezwa na kampuni ya Otto ilizunguka kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ilikuwa na makoloni yake ya Afrika akilini. Ni kweli pia kwamba mafuta ya mimea yaliyogeuzwa kuwa biodizeli ni kilainishi bora. Asilimia 2 tu ndani ya dizeli inatosha kupunguza sana lile kovu la kwenye kitufe. Lakini mafuta ghafi ya pamba ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli, na hukaangika kuwa masizi magumu kwenye nozeli na ringi za pistoni. Kuyageuza kunahitaji methanoli na magadi makali ya kiwandani, kisha kuyaosha hadi sodiamu yote itoke, kwa sababu inayobaki hutengeneza sabuni ndani ya nozeli. Bila kiwanda cha kufanya hivyo na maabara ya kupima, mafuta ya pamba yaende jikoni, na kwenye pikapu ukague kizibo cha chini ya chujio.