Kuchemka kwa Maji ya Miwa na Utata wa Neno "Mvuke"

Huko Malava, katika Kaunti ya Kakamega, maji ya miwa huchemshwa katika makarai makubwa hadi yawe sukari guru. Mpita njia huona wingu jeupe juu ya karai, akaliita mvuke. Hapo ndipo lugha yetu inapotutatiza. Mvuke halisi hauonekani; wingu lile ni matone madogo mno ya maji yaliyokwisha kupoa hewani.

Katika kioevu, chembe za maji huvutana huku zikitelezeana. Joto linapozidi, mwendo wake huongezeka hata zikaushinda mvutano huo pamoja na msukumo wa hewa iliyo juu. Mapovu huzuka ndani ya kioevu chenyewe, nayo hujaa mvuke, si hewa. Malava, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, msukumo huo ni hafifu. Maji matupu huchemka kwa takriban nyuzi 95 za Selsiasi, ilhali Mombasa huhitaji 100. Chembe za sukari, kwa upande wake, hubaki karaini.

Aghalabu husemwa kwamba chembe "hupanuka" zinapochemka. Kitenzi hicho kinapotosha. Chembe hazivimbi wala hazivunjiki: hutengana, hata gramu moja ya maji ikajaza nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali.