Je, Wajua? Megapikseli Si Kila Kitu

Je, wajua kwamba kamera ndogo ya mfukoni na DSLR (kamera kubwa yenye lenzi za kubadilisha) zote mbili zinaweza kuwa na megapikseli 20, lakini picha zake zikapishana vibaya sana? Siri iko kwenye kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Katika kamera nyingi ndogo kina milimita 6 hivi kwa 4.5, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Katika DSLR ya fremu kamili ni milimita 36 kwa 24: eneo kubwa takriban mara 30! Ndiyo maana usiku ukumbini, bibi harusi anapoingia taa zimefifishwa, kamera ndogo hujaza chengachenga kwenye vivuli na shela ikabaki doa jeupe tu, ilhali DSLR bado inaonyesha darizi.

Na ule mlio wa DSLR inapopiga picha, je? Ni kioo cha ndani kinachoruka juu kupisha mwanga ufike kwenye kihisi.

Hata hivyo DSLR ni nzito, na kubadilisha lenzi katika vumbi la Serengeti ni kukaribisha madoa kwenye kihisi. Kwa matembezi ya mchana, jua likiwaka, kamera ndogo yenye zumu ndefu inatosha kabisa. Lakini anayetaka kupiga picha za harusi kwa bajeti finyu, ningemshauri atafute DSLR iliyokwishatumika pamoja na lenzi ya milimita 50 ya f/1.8. Lenzi hiyo ni ya bei nafuu, na huingiza mwanga mwingi kuliko ile inayouzwa pamoja na kamera.