Neno "Play" kwa Mwanafunzi Asemaye Kichina

Tuchukue mfano wa kijana wa Kichina mwenye umri wa miaka 20 anayeandika barua kwa Kiingereza. Anataka kumwalika rafiki yake nyumbani, naye anaandika: "Come to my home to play." Sarufi ya sentensi hiyo haina kosa, na kila neno limo katika kamusi. Hata hivyo, Mwingereza aisomaye atadhani kwamba mwandishi ni mtoto mdogo mwenye vitu vya kuchezea. Katika makala hii tunakusudia kueleza chanzo cha kosa hilo na jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kulizuia. Jambo hili linamhusu mwalimu huyo hasa, kwani mwaka 2001 Wizara ya Elimu ya China iliagiza Kiingereza kianzishwe hatua kwa hatua kuanzia darasa la tatu.

Aghalabu mtoto wa Kichina huambiwa kwamba "play" ni "wan". (Maneno ya Kichina tunayaandika kwa pinyin, utaratibu wa herufi za Kilatini uliopitishwa mwaka 1958, bila alama za toni.) Tafsiri hiyo si ya uongo, maana watoto wakicheza uani, hiyo ni "wan". Lakini "wan" ina eneo pana zaidi. Mtu mzima akizuru mji, akimtembelea jirani au akistarehe na rafiki, hilo nalo ni "wan". Sisi husema "njoo kwetu utembee". Mchina hutumia "wan". Mwingereza hutumia "visit". Yule kijana hakukosea kufikiri, bali alikwenda na neno la utotoni mahali lisipofika.

Kwa upande mwingine, "wan" ni finyu kuliko "play". Kwa Mwingereza, mpira, piano, filimbi na sataranji vyote huchukua "play". Mchina hutaja kitendo cha mkono, mguu au mdomo. Mpira wa kikapu na karata ni "da", yaani kupiga. Kandanda ni "ti", yaani kupiga teke. Piano na gitaa ni "tan", yaani kucharaza kwa vidole. Fidla ni "la", yaani kuvuta, kwa kuwa upinde huvutwa juu ya nyuzi. Filimbi ni "chui", yaani kupuliza. Na sataranji ni "xia", yaani kushusha kete. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "play" ni "wan" tu hawezi kujua kwamba neno hilo moja hubeba vitendo vyote hivyo.

Mwalimu asemaye Kiswahili asishangae. Sisi pia hupiga gitaa na kucheza mpira. Tena hupiga simu, na Mchina vilevile husema "da dianhua", yaani kupiga simu. Mwanafunzi wetu aliyecheza ngoma huweza kuandika "I played the drum", kumbe alitaka kusema kwamba alicheza kwa miguu, na Kiingereza hutaka "dance". Shimo ni lile lile, ila kila mmoja huliingia kwa njia yake.

Zaidi ya maana, yapo matumizi. Kwa kawaida ifundishwayo shuleni, michezo haitanguliwi na "the": "play football", "play chess". Ala za muziki hutanguliwa nalo: "play the piano". Kitu cha kuchezea huhitaji "with": "play with a doll". Kwa kuwa Kichina husema "wan diannao" bila kiunganishi chochote, mwanafunzi huandika "play computer", ilhali Kiingereza hutaka "play on the computer". Kichina hakina neno lililo sawa na "the", wala Kiswahili hakina. Kwa hiyo kanuni hizi hazifahamiki kwa kubahatisha.

Tufundisheje basi? Kwanza, tusiandike ubaoni "play" na tafsiri moja kando yake. Tuandike fungu zima, "play football", pamoja na picha au kitendo. Pili, tusimwage maana zote katika kipindi kimoja. Tuanze na michezo na vitu vya kuchezea. Ala zifuate baada ya majuma kadhaa. Jina "a play", yaani mchezo wa kuigiza, lingoje madarasa ya juu. Tatu, wanafunzi wagawe ubao katika safu tatu, za michezo, ala na vitu vya kuchezea, na kila fungu jipya waliweke mahali pake. Nne, tuwazoeze kuuliza: "Nani anacheza?" Akiwa ni mtu mzima, na hakuna mchezo, ala wala kitu cha kuchezea, watafute neno jingine, kama "visit", au "spend time" pamoja na rafiki.

Mwisho, tuangalie kalamu yetu nyekundu. Mwalimu akikata "play" bila maelezo, mwanafunzi hujifunza tu kwamba amekosea, na kesho atalirudia kosa. Akimwonyesha mahali "wan" na "play" zinapokutana na zinapoachana, mwanafunzi hupata njia ya kujisahihisha mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kusahihisha neno, hatuna budi kuuliza mwanafunzi alilitoa wapi.