Mazoezi ya Fimbo ya Wawili Wawili: Sinawali ya Ufilipino na Kirumbizi cha Lamu

Kirumbizi kinachochezwa Lamu, hususan wakati wa Maulidi, kwa kawaida huorodheshwa miongoni mwa ngoma. Uainishaji huo ni sahihi, lakini haubainishi kile ambacho mwili wa mchezaji hufunzwa. Ulinganisho na sinawali unasaidia kukidhihirisha.

Sinawali ni zoezi la msingi katika arnis, sanaa ya mapigano iliyotangazwa kwa sheria ya mwaka 2009 kuwa mchezo wa taifa wa Ufilipino. Washiriki wawili, kila mmoja akiwa na fimbo mbili za henzirani, huzigonganisha kwa mpangilio maalumu wa juu na chini. Jina lake linatokana na ususi, kwa kuwa fimbo hupishana kama ukili. Zoezi huanza polepole. Mpangilio ukishazoeleka, kasi huongezwa. Kisha mmoja huuvunja ghafla ili kupima umakini wa mwenzake. Kinachofunzwa si pigo tu, bali pia umbali, wakati na kujizuia.

Katika kirumbizi, wawili huingia uwanjani na fimbo, mmoja akishambulia na mwingine akikinga, huku ngoma na zumari zikiongoza mwendo. Hapa mdundo ndio unaoshika nafasi ya mpangilio: huwafunga wachezaji katika wakati mmoja, ingawa pigo lenyewe halijulikani mapema.

Kwa hiyo, maelezo yanayorekodi mdundo na mavazi pekee, yakaacha mshiko, hatua za miguu na umbali, hayatamwezesha kijana kujifunza mchezo huu pindi wazee wanaoujua watakapotoweka.