Fahamu: Kwa nini wauguzi vijana wa usingizi Marekani wanapelekwa kwa wabunge

Muuguzi wa usingizi, yaani anayetoa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji, hukaa upande wa kichwa cha mgonjwa, jicho moja kwenye kifua kinachopanda na kushuka, jingine kwenye kioo cha mashine. Marekani kazi hii ni kongwe: mwaka 1906 muuguzi Alice Magaw wa hospitali ya Mayo Clinic alichapisha ripoti ya upasuaji zaidi ya 14,000 bila kifo kilichosababishwa na dawa ya usingizi.

Chama cha wauguzi hawa, AANA, kilianzishwa 1931 na Agatha Hodgins. Siku hizi kinawavuta vijana wakiwa bado chuoni.

Si rahisi. Tangu 2022 kila anayeanza masomo haya lazima asomee shahada ya uzamivu, na anayehitimu na madeni, kisha akapangiwa zamu za usiku, vikao vya chama atavitakia nini? Ndiyo maana kadi ya uanachama peke yake haitoshi.

Kinachosaidia zaidi ni safari ya Washington, ambako wanafunzi hukutana na wabunge ana kwa ana. Wanakwenda huko kwa sababu sheria ndiyo huamua kama muuguzi asimamiwe na daktari. Tangu 2001, gavana anaweza kuomba jimbo lake liondolewe sharti hilo chini ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee; Iowa ndiyo iliyotangulia.