Kupima Joto Pasipo Kipimajoto

Mwulize mwanafunzi joto hupimwa kwa kifaa gani, naye atajibu upesi: kipimajoto. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimfikishi mbali. Je, tutapimaje joto la gesi ya haidrojeni isiyo na chaji, iliyotanda baina ya nyota, mahali ambapo mkono wa mwanadamu haujapata kufika?

Mwaka 1944, Mholanzi Hendrik van de Hulst alibashiri kwamba atomu za gesi hiyo hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21. Mnamo Machi 1951, Harold Ewen na Edward Purcell wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliyanasa. Hata hivyo, gesi ikiwa nyembamba, nguvu ya mawimbi hayo hutujulisha wingi wake tu, si joto lake.

Wanafalaki wakatafuta njia. Kwanza huelekeza antena kwenye chanzo kikali cha redio kilicho nyuma ya gesi, kama vile Cygnus A, waone gesi imefyonza kiasi gani cha mawimbi yake. Kisha huisogeza kando kidogo na kupima mawimbi yanayotolewa na gesi yenyewe. Gesi baridi hufyonza sana. Ya moto hufyonza kidogo mno. Tuseme gesi imefyonza nusu, na mng'ao wake wenyewe ni kelvini 40. Gawanya 40 kwa nusu, upate 80: yaani nyuzi 193 za Selsiasi chini ya sufuri.

Lakini tahadhari. Mwaka 1965 Barry Clark alieleza kuwa mawingu baridi yamezungukwa na gesi yenye joto kubwa zaidi. Leo twajua kwamba hiyo ya moto yaweza kufikia kelvini 8,000, kuliko uso wa Jua. Zikikutana katika mstari mmoja wa kutazama, jibu huwa la mchanganyiko: ukichanganya uji wa moto na maji ya mtungini, joto upatalo si la uji wala la mtungi.

Basi walimu wenzangu, tusiridhike mwanafunzi anapokariri nambari ili apite mtihani. Tumwulize: tumejuaje? Asiyeweza kujibu swali hilo hana elimu ya sayansi. Ana kumbukumbu ya kasuku.