UKIFIKA MPAKANI, OFISA ANATAKA NINI KWAKO?

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, ukiitazama ramani ya nyanda zetu za kusini utaelewa mara moja kwa nini Makambako ni mji wa wasafiri. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapokutana na barabara ya Njombe na Songea, na hapo hapo ndipo inapopita reli ya TAZARA. Mama mwenye duka la vitenge, dereva wa lori na kijana aliyesikia kwamba Lusaka kuna kazi, wote hupanda gari hapo, na baada ya mwendo wa kama kilometa 270 wako Tunduma. Wengine hukata kushoto pale Uyole, wakateremka Tukuyu hadi Kasumulu, penye daraja la mto Songwe. Ng'ambo ya daraja ni Malawi.

Wasafiri hawa wanajua nauli, na wanajua bei ya mzigo waufuatao. Jambo ambalo wengi hawalijui ni nini kinachowangoja mbele ya ofisa wa mpakani. Na kutojua huko kuna gharama. Mtu hurudishwa akiwa amekwisha kutumia nauli, mtaji hubaki forodhani, na wengine hulala mahabusu katika nchi wasiyokuwa na ndugu. Basi juma hili tulizungumze jambo hili hatua kwa hatua.

Kwanza tuelewe mpaka wenyewe. Mstari ule kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, katika mkataba uliotiwa saini Ulaya. Wenyeji hawakuulizwa. Ndiyo maana hadi leo Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde, na Mnyakyusa wa Kyela husikilizana lugha na Mngonde wa Karonga. Undugu huo ni wa kweli. Lakini ofisa wa uhamiaji hafanyi kazi kwa kufuata undugu, anafanya kazi kwa kufuata sheria ya nchi yake, na sheria hiyo inamwambia kwamba kila asiye raia ni mgeni, hata kama shangazi yake anakaa umbali wa kurusha jiwe.

Jambo la pili ni kwamba mpakani hakuna ofisa mmoja. Wako kadhaa, na kila mmoja ana kazi yake. Ofisa uhamiaji anakuangalia wewe mwenyewe: ni nani, umekuja kufanya nini, utaondoka lini. Ofisa forodha anaangalia mzigo wako: ni nini, thamani yake ni kiasi gani, unatakiwa kulipiwa ushuru au la. Ofisa wa afya anaangalia kama unaweza kuingiza ugonjwa. Mkaguzi wa mimea anaangalia viazi, maharage, mbegu na matunda. Tena yuko polisi. Msafiri asiyejua tofauti hizi huona kama anasumbuliwa mara tano kwa jambo lile lile, akaanza kujibu kwa hasira. Ukijua kwamba aliyegonga muhuri katika pasipoti hakukuruhusu kuingiza gunia, na aliyepokea ushuru wa gunia hakukuruhusu kukaa nchini, hutashangaa kuitwa tena.

Sasa tuje kwenye maswali. Ofisa uhamiaji wa nchi yoyote, iwe Zambia, Malawi au Uingereza, anataka kuridhika katika mambo manne. Je, wewe ndiye mwenye hati hii? Umekuja kwa shughuli gani? Una uwezo wa kujikimu bila ya kuwa mzigo? Na je, muda wako ukiisha utarudi kwenu? Maswali mengine yote, utafikia kwa nani, una fedha kiasi gani, unafanya kazi gani nyumbani, ni njia tu za kuyafikia hayo manne. Usidhani anakudadisi kwa kuwa amekuchukia. Anaweza kuuliza jambo lile lile mara mbili kwa namna tofauti ili aone kama majibu yanalingana.

Kwa hiyo jibu kwa ufupi, na jibu ukweli. Kama unakwenda kununua bidhaa, sema hivyo. Usiseme unakwenda kumwona mjomba mgonjwa, kwa sababu ukiulizwa jina la mjomba na mahali anapolazwa utaanza kubabaika. Zaidi ya hayo, shughuli unayoitaja ndiyo inayoamua kibali unachopewa. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia au Malawi, lakini kutoombwa viza si sawa na kuachiwa ukae upendavyo. Zambia, kwa mfano, humruhusu mgeni wa matembezi kukaa hadi siku 90, na mgeni wa shughuli za biashara siku 30 katika miezi 12. Kuajiriwa ni jambo jingine kabisa, lina kibali chake. Kijana aliyeingia kama mtembezi akakutwa akibeba matofali kwenye ujenzi amevunja sheria, hata kama muhuri wake ni halali.

Tena soma muhuri huo kabla hujaondoka dirishani. Tazama tarehe na idadi ya siku ulizopewa. Muda ukizidi, huwezi kujitetea kwa kusema kwamba hukuusoma.

Kuhusu hati, pasipoti ndiyo kinga yako ya kwanza. Pasipoti mpya ya kielektroniki ilizinduliwa nchini Januari 2018, ada yake ikiwa shilingi 150,000, na uhai wake ni miaka 10. Tangu Njombe iwe mkoa mwaka 2012, mwananchi wa huku ana ofisi ya uhamiaji ya mkoa wake mwenyewe, hana haja ya kuanzia safari yake Iringa. Ipo pia Hati ya Dharura ya Safari, ambayo hupokelewa na baadhi ya nchi jirani. Uliza ofisini kama inafaa kwa nchi uendayo. Kitambulisho cha Taifa ni kizuri kuwa nacho, ila si hati ya kukupeleka Lusaka au Lilongwe. Kumbuka vilevile kwamba nchi nyingi hutaka pasipoti iwe imebakiza miezi 6 kabla ya kuisha. Chukua na kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016, kwa makubaliano ya Shirika la Afya Duniani, chanjo hiyo ni ya maisha, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kadi yako imekwisha muda baada ya miaka 10 na kwamba yeye anaweza kukuuzia nyingine.

Ukisafiri na mtoto ambaye si wako, au hata aliye wako lakini mzazi mwenzako hayupo, beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Maofisa wamefundishwa kuwatilia shaka watu wazima wanaovusha watoto, na sote tungependa waendelee hivyo.

Tunduma na Nakonde siku hizi zina kituo cha pamoja, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2019. Zamani msafiri alipanga foleni upande wetu, akavuka, akapanga tena upande wa pili. Chini ya utaratibu wa pamoja, unakaguliwa katika nchi unayoingia: maofisa wa nchi unayotoka na wa nchi unayoingia wanakaa katika jengo moja. Basi pita kwa wote wawili. Muhuri wa kutoka Tanzania ni muhimu sawa na ule wa kuingia Zambia, maana ukirudi bila ya huo ofisa wetu atataka kujua ulitokaje. Na usisahau saa: Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Saa tatu asubuhi ya Makambako ni saa mbili kwao.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Tunduma na Nakonde zimeshikana kiasi kwamba watu huvuka kwa miguu kwenda sokoni na kurudi. Mgeni kutoka Njombe akiwaona wenyeji hudhani mpaka ni jina tu. Anavuka nao bila ya kupita dirishani, anapanda basi la kuelekea Mpika au Lusaka, na huko njiani, kwenye vizuizi, anaombwa pasipoti. Hati anayo, lakini muhuri hana. Kuanzia hapo yeye ni mtu aliyeingia nchi kinyume cha sheria. Njia ya panya ni rahisi kuingia, taabu iko kwenye kutoka.

Kwa madereva nina neno moja zaidi. Usimpakie mtu usiyemjua kwa sababu ya noti chache. Juni 2012, katika mkoa wa Dodoma, zilikutwa maiti za wahamiaji zaidi ya 40 kutoka Ethiopia waliokosa hewa ndani ya lori, wakiwa safarini kuelekea kusini. Sheria yetu inamwadhibu vikali anayewasafirisha watu hao. Lakini kabla ya sheria, hao walikuwa watoto wa watu.

Tuje kwenye mizigo. Mwambie ofisa forodha kila ulicho nacho, na uwe na stakabadhi za manunuzi. Usipokuwa na stakabadhi, yeye ndiye atakayekadiria thamani, na makadirio yake huenda yasikupendeze. Usimbebee mtu furushi ambalo hujaliona ndani. Ukichukua fedha taslimu zinazofikia dola za Marekani 10,000 au zaidi, au thamani hiyo kwa shilingi, sheria yetu inakutaka uzitangaze. Nchi nyingine zina viwango vyao, uliza.

Mazao yana taabu ya pekee, kwa sababu masharti yake hubadilika. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa baadhi ya mazao, yakiwemo mchele, unga, tangawizi na ndizi. Aprili Tanzania nayo ikazuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kisha katazo hilo likaondolewa ndani ya siku chache. Siku chache kwa serikali ni kitu kidogo. Kwa mwenye lori la ndizi ni mzigo mzima kuoza. Kwa hiyo kabla ya kupakia viazi vyako Njombe, pata cheti cha afya ya mimea, na piga simu mpakani kuuliza hali ya juma hilo, si ya mwaka jana.

Sasa rushwa, maana tusifanye kama haipo. Mpakani utakutana na vijana watakaojitolea kukushika mkono, kukujazia fomu, kukubadilishia fedha na "kukuombea" kwa ofisa. Fomu jaza mwenyewe, na fedha badili dukani au benki. Malipo halali yana stakabadhi, na kwa upande wetu malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu. Ukiambiwa toa kitu kidogo, jibu kwa adabu kwamba uko tayari kulipa kinachostahili na unaomba stakabadhi. Mara nyingi neno hilo latosha. Lisipotosha, shika jina au namba ya ofisa, omba kumwona mkuu wa zamu, na ukiwa Tanzania piga TAKUKURU namba 113, ni bure. Ila jambo hili lina pande mbili. Mara ngapi msafiri mwenyewe ndiye anayetanguliza noti ndani ya pasipoti ili asiulizwe maswali? Mtu wa namna hiyo hana uso wa kulalamika.

Na ikiwa utakataliwa? Nchi ina haki ya kumkataa mgeni. Kupiga kelele hakusaidii. Uliza sababu kwa upole, iandike, na uone kama inaweza kurekebishwa. Ukishikwa, omba ubalozi wetu uarifiwe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unakupa haki hiyo, nasi tuna ofisi za ubalozi Lusaka na Lilongwe. Desemba 2016 Watanzania wanane walikamatwa Malawi, katika eneo la mgodi wa urani wa Kayelekera wilayani Karonga, wakashukiwa mambo mazito, na hawakurudi nyumbani hadi mwaka 2017. Fundisho kwetu ni kwamba ruhusa ya kuingia nchi si ruhusa ya kuingia kila mahali. Migodi, kambi za jeshi na madaraja si pa kutembelea bila ya kibali.

Mwisho, neno kwa maofisa wetu wa Tunduma na Kasumulu. Mzambia au Mmalawi anayesimama mbele yenu amechoka kama mama yetu wa Makambako anavyochoka Nakonde. Mkali wa sheria anaweza kuwa mpole wa maneno. Jinsi mnavyomtendea mgeni kwenye dirisha lenu ndivyo wenzenu watakavyowatendea ndugu zetu kwenye dirisha lao.

Ndugu msikilizaji, safari njema. Tukijaliwa, tutazungumza tena juma lijalo.